Lijamu la Farasi Asiyesimama

Katika mbio za Mfalme Simba, mshindi ni anayetangulia kusimama mbele ya mkeka wa mfalme. Farasi, aliyembeba Tumbili mgongoni, aliwaacha wenzake mbali, lakini kila mwaka aliukanyaga mkeka na kupitiliza.

"Huyu dawa yake chuma," alisema fundi Fisi, akitoa lijamu lenye meno makali kuliko lile alilomtengenezea Farasi mwanzoni. "Mtie hili mdomoni."

Tumbili akamfunua Farasi kinywa, akaona ulimi umechanika. Akachagua lijamu laini la ngozi. Fisi akacheka mpaka akakaa chini.

Siku ya mbio Farasi akatangulia. Tumbili akavuta hatamu kidogo tu, kwato zikasimama mbele tu ya ukingo wa mkeka. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele.

"Umemfanya nini?" Fisi akang'aka.

Farasi akajibu mwenyewe: "Miaka yote nilikuwa nakikimbia chuma chako, fundi."