Taa za Nyuma

Muuzaji alikuwa akiuliza maswali ya fomu ya kuagiza pikapu, macho yote kwa baba. Aliyejibu ni binti yake, Aili.

"Viti vya ngozi?"

"Vya plastiki. Huwa naingia na theluji hadi magotini."

"Springi za mbele za kawaida?"

"Nzito kabisa. Sepeto la kusukumia theluji likifungwa mbele litabebwa na nini, mabega yako?"

Shingo ya baba ilikuwa imekakamaa, baada ya majira arobaini ya baridi ya kusukuma theluji ya Michigan mbele kwa gari, kisha kugeuza kichwa na kurudi kinyumenyume, nyumba hadi nyumba. Hakuwa amemwambia mtu kazi ile atamwachia nani.

"Zimebaki taa kubwa za ziada," muuzaji akasema. "Tuziweke mbele, kama wateja wote?"

"Nyuma," Aili akasema. "Nusu ya kazi hii ni kurudi nyuma."

Muuzaji akacheka. "Mzee, hebu mweleweshe binti yako."

Baba akamgeukia muuzaji kwa mwili mzima, maana shingo ilikataa, kisha akamsogezea Aili kalamu.

"Unaniuliza mimi? Mimi kwenye pikapu hiyo ni abiria tu."