Andazi Lililoungua

Maradhi yalipozidi kuua, manispaa iliweka utaratibu: mteja akifariki, roboti huja kununua kile alichozoea yeye, ili biashara ndogo zisife. Vibandani maroboti yakawa mengi kuliko watu.

Asubuhi hiyo Mwanaidi alikaanga maandazi yake, na moja likaungua. Akaliweka kando. Hilo lilikuwa la mumewe, Shomari, aliyekuwa karantini wiki ya pili sasa. Ndiye pekee aliyependa la kuungua, na alimlipa mkewe kama mteja yeyote.

Roboti jipya likasimama mbele ya karai.

"Habari za asubuhi, mama. Nipe lile lililoungua."

Mwiko ukamdondoka Mwanaidi.

"Hili haliuzwi, baba," alisema. "Lina mwenyewe."

Roboti halikuondoka. Lilibaki limenyoosha mkono.