Twiga Aliyesubiri Kuulizwa Hali

Wewe uliyekunja pua, ikunjue. Umewahi kuishi na twiga, hata uniambie hawezi kwenda kwa daktari?

Nyani alikuwa daktari wa binadamu. Wagonjwa wake walivimba miguu, na wakiinuka ghafla walianguka kwa kizunguzungu. Akamwita Twiga, ambaye presha yake inawapita wote, lakini miguu haivimbi wala kichwa hakimzunguki.

Twiga alikwenda mbio hadi zahanati ya Nyani. Tangu mtoto wake achukuliwe na simba, hakuna aliyemuuliza, "U hali gani?" Huyu ni daktari, akawaza, kazi yake ni kuuliza.

Nyani akamfinya miguu. "Ngozi imebana kama soksi! Basi wagonjwa wangu nitawafunga vitambaa vya kubana."

"Vema, daktari," Twiga akasema, akingoja.

"Na ukiinama kunywa maji, kisha ukainuka, huoni kizunguzungu?"

"Sioni. Siku hizi huinama muda mrefu. Mwanangu alikuwa akinywa ubavuni mwangu, nami bado humwachia nafasi."

Nyani alikuwa na masikio mawili, yote ya pambo. "Muda mrefu!" akaruka kwa furaha. "Hebu inama tena, mama, niitazame mishipa ya shingo."

Twiga akainama. Nyani akapapasa, akasifu, akapapasa tena.

"Daktari, hujaniuliza la mtoto."

"Kwani naye alikuwa na presha?"

Twiga akainua shingo yake, akatoka, akaufunga mlango.