Shimo la Bibi Nungunungu

Kisa hiki waliokileta ni waliokuwepo mnadani, na chumvi hawakuongeza, au waliongeza kidogo tu.

Nguchiro alikuwa na debe la karanga, mahari ya mchumba wake. Akasikia shimo la Bibi Nungunungu kule bondeni linanadiwa, maana bibi hajalipa kodi ya Mfalme Tembo mwaka wa tatu huu.

"Lichungulie kwanza ndani," mchumba akamsihi.

"Nikichungulia, si wenzangu watashtuka wanizidi bei?"

Mnadani bibi alilia mpaka miiba ikagongana. Nguchiro akamwaga debe zima, akapewa shimo.

"Pole, bibi. Ndiyo dunia."

"Likufae, mwanangu."

Masika yalipoanza, shimo likajaa maji hadi mlangoni. Nguchiro akapanda kilimani amelowa chapachapa, akamkuta bibi kwenye shimo jipya, kavu, anatafuna muhogo.

"Bibi, kumbe linafurika!"

"Kila mwaka, baba. Nilitafuta mnunuzi hadi nikachoka. Nilipoacha kulipa kodi, ukaja mwenyewe mbio."

"Basi nalirudisha!"

"Kwa nani? Kodi ya mwaka huu inakusubiri wewe."

Na mchumba? Karanga anakula, ila si za Nguchiro.