Subilaga Ana Neno

Asubuhi ya kupasuliwa titi, nilikuwa najipaka sabuni nilipougusa uvimbe mwingine, mgumu kama punje ya mahindi, kwapani.

"Usiseme," alininong'oneza mama wa Kihehe wa kitanda cha jirani nilipomwonyesha. "Daktari Mzungu atasema umechelewa, akurudishe nyumbani ukafe."

Mimi nilikuwa na sababu nzuri zaidi ya kunyamaza. Daktari hajui lugha zetu, na mkalimani wake ni mdogo wa baba mkwe wangu. Kwetu Unyakyusa mwanamke hamtazami mkwe wala hasemi naye. Tangu niolewe, nikimwona njiani naingia migombani. Nesi aliyekuwa akinisemea amekwenda Iringa. Nani angenilaumu?

Viatu vya daktari vikaingia wodini, na nyuma yake vile vya mkwe. Nikajifunika blanketi mpaka kichwani, kama mila inavyotaka.

Humo gizani kidole kilirudi chenyewe kwapani. Punje ilikuwa palepale. Yenyewe haikuwa na mkwe wa kumkwepa.

Mkwe naye haruhusiwi kunisemesha, kwa hiyo alimwambia jirani yangu, "Mama, muulize Subilaga kama ana neno kabla hajapasuliwa."

"Hana," mama akajibu upesi.

"Ninalo!" nilisema.

Nilisikia viatu vya mkwe vikirudi nyuma kuelekea mlangoni, kisha vikasimama.

"Mwanangu," aliniita, kwa mara ya kwanza. "Neno gani?"

Nikafunua uso, nikamtazama machoni, nikainua mkono.

"Hapa, baba."