Funguo Mbili

Ufunguo ulizunguka kitasani kutoka nje. Mziwanda akaurukia mlango kwa bega kabla haujafunguka.

"Si nilikwambia?" alinong'ona dada wa kitanda cha pili. "Wanachonga funguo bandia, wanavizia wanafunzi wapya."

Mziwanda alikuwa na saa moja tu chuoni. Bweni zima lilikuwa ukumbini likisikiliza hotuba ya ukaribisho. Matroni alimkabidhi ufunguo wenye kibati cha shaba, namba kumi na nne. "Funguo ni mbili tu, mwanangu. Mwenzio keshachukua wake."

Alipopanda alikuta mlango wazi, na dada huyu ndani, kachangamka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Hata begi hajatua, alishapewa darasa: jifungie, ufunguo usiuache kitasani, uvae shingoni, usimfungulie hata anayelia. Mama yake angefurahi kusikia hayo. Mziwanda akafunga, akauvaa.

Sasa mlango ulisukumwa. "Nani humo? Fungueni!" Sauti ya kike.

"Hutanguliza wanawake," alisema dada. "Usilegeze!"

Mkono ukapenya, umelowa, una povu la sabuni hadi kiwikoni.

"Hujipaka sabuni wasikamatike. Bana!"

Mziwanda alibana kwa uzito wake wote. Mfupa ulialika kama kuni kavu. Nje mtu akapiga yowe, na yeye akapiga yowe lake. Kitu kiling'aa kati ya vile vidole.

"Kisu hicho!" Dada akamtia pasi mkononi. "Piga!"

Pigo la kwanza alifumba macho. La pili hakufumba. La tatu damu ilimrukia mdomoni, vidole vikaachia, kitu kikalia sakafuni, mkono ukachomoka. Nje mwili ulianguka kwa kishindo, ukanyamaza.

"Shujaa wangu," alisema dada, akampokea pasi taratibu. "Haya, funga."

Mziwanda alivua ufunguo shingoni, akafunga mara mbili. Kisha akainama kuokota kile kisu.

Ulikuwa ufunguo. Kibati cha shaba, namba kumi na nne, sawasawa na chake.

Nyuma yake kitanda kililia. Dada alikuwa ameinuka, pasi mkononi.