Neno Moja la Kobe

Kiangazi kilipokausha mto, Tembo aliingia ubia na wanyama wa bondeni. Wao walitoa ardhi, yeye akachimba kisima. Kila kibuyu cha maji kingelipiwa karanga moja, karanga ziwekwe ghalani, wagawane nusu kwa nusu.

"Bei nitapanga mimi," alisema Tembo. Wenye kiu wakakubali upesi.

"Basi tuandike 'kila anywaye atalipa,'" akasema Kobe, "si 'kila mwanabonde.'"

"Unatuchelewesha kwa neno moja, mzee!" Ngiri akafoka. Hata hivyo likaandikwa, na Tembo akatia wayo wake.

Mwezi haukuisha, Tembo akatangaza, "Sasa ni karanga kumi!" Kisha akanywa vibuyu ishirini, vingi kuliko bonde zima.

Kobe akamsogelea. "Ahsante kwa kisima, Bwana Tembo. Umekunywa karanga mia mbili."

Tembo akautazama wayo wake kwenye mkataba, akakohoa. "Moja inatosha."

Tangu siku hiyo Ngiri hupiga magoti akinywa maji. Wasiojua husema ana shingo fupi. Kumbe anamshukuru Kobe.